Kabla ya kumeza predinisoloni, fikiria minyoo

Nafanya kazi maabara, na wengi wanaokuja dirishani kuchukua majibu ya choo huniuliza hilohilo: "Si nilimeza dawa juzi tu? Wamerudije hawa?"

Dawa huua minyoo waliomo tumboni wakati ule, kinga haiachi. Minyoo si surua, ambayo ukiugua mara moja yamekwisha. Mwili hupambana nao kwa kuwabana wasizidi. Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli chache zenye kishungi ambazo humtambua mnyoo na kutoa taarifa, kazi iliyokuja kueleweka vizuri mwaka 2016. Hapo utumbo hutoa ute mwingi, misuli yake husukuma kwa nguvu, na chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili huja kushambulia. Kipimo cha damu kikionyesha eosinofili zimepanda, usikimbilie kusema ni mzio.

Mnyoo naye si mjinga. Hutoa kemikali za kuituliza kinga, ndiyo maana mtu hukaa na safura miaka, damu ikipungua polepole, asijue.

Anayenitia hofu hasa ni mnyoo mdogo aitwaye strongiloidesi. Huingia kupitia ngozi ya mguu, kama safura, lakini yeye huweza kumwambukiza upya mtu yuleyule humohumo ndani, hivyo hudumu mwilini miongo kadhaa akiwa amebanwa na kinga tu. Sasa mtu huyo ameze predinisoloni au deksamethasoni, vidonge vya kushusha kinga ambavyo watu hujinunulia kwa ajili ya maumivu ya viungo, hata kwa kunenepa (ndiyo, kunenepa!). Kinga hulegea, lava (minyoo wachanga) husambaa hadi mapafuni, na bakteria wa utumbo huingia kwenye damu. Wanaofikia hali hiyo, wengi hufariki.

Kwa hiyo vidonge hivyo usijinunulie. Daktari akikuandikia vya muda mrefu, na wewe umekua ukilima au kucheza peku, mwambie hivyo na uombe kupimwa kwanza. Jibu moja la "hakuna kilichoonekana" lisikutoshe, kwa sababu lava hutoka wachache, na siku nyingine hawatoki kabisa. Leta sampuli za siku tofauti, choo cha asubuhi hiyohiyo, si kilicholala kwenye friji. Mnyoo huyo akipatikana, kidonge kimoja cha albendazo, kile cha shuleni, hakimtoshi. Dawa yake ni ivamektini, na kipimo chake hupangwa na daktari kwa uzito wako.