Shina na mizizi: kipi kikatwe kwanza?

Swali: Shikamoo, bibi. Nina fikasi (mti wa jamii ya mtini) niliyoinunua kwenye kitalu, inanifika kiunoni. Nataka kuifanya bonsai, yaani mti mdogo unaotunzwa kwenye chungu ufanane na mti mkubwa. Je, naweza kukata shina, kupunguza mizizi na kuihamishia kwenye chungu kifupi siku hiyohiyo, nimalize kazi mara moja?

Jibu: Marahaba, mjukuu wangu. Tafadhali usifanye hivyo. Ukiukata mti kichwa na miguu siku moja, utasimama na nini? Majani ndiyo yanayotengeneza chakula cha kuotesha mizizi mipya, na mizizi ndiyo inayopandisha maji ya kuchipuza majani mapya. Upande mmoja ukibaki mzima, utamuuguza mwenzake.

Mimi ningeanza na shina, mti ukiwa bado kwenye chungu chake cha zamani, kwa kuwa mizizi mingi husukuma machipukizi mengi chini ya mkato. Ila kwanza uchomoe utazame mizizi. Ncha nyeupe zilizokaza ni dalili ya uzima. Ukikuta mizizi myeusi, inayobonyea na kunuka, basi anza na hiyo, na majani uyaache yote.

Kata msimu wa joto, mti ukiwa unatoa majani mapya na usiku haushuki chini ya nyuzi 15. Bakiza sentimita mbili tatu juu ya pale unapotaka tawi jipya, maana mkato mara nyingi hukauka kuelekea chini. Utatoka utomvu mweupe. Ufute kwa kitambaa chenye maji na usijiguse machoni, unawasha.

Halafu subiri, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Machipukizi ya kwanza yasikudanganye: yanakula akiba iliyomo ndani ya shina, mti haujapona bado. Ngoja majani yakomae, yawe ya kijani kilichoiva na magumu ukiyashika, kisha mti uchipue tena. Kwa kawaida mizizi itafaa kupunguzwa msimu wa joto unaofuata. Punguza theluthi moja hivi, hasa ile minene inayoshuka chini, myembamba ihurumie. Ufunge mti kwa waya usitikisike, uweke kivulini, na mbolea ingoje mpaka uchipue.

Fikasi ni mvumilivu sana. Usije ukapeleka ujasiri huo kwa msonobari: tawi lake likibaki bila jani hata moja, kwa kawaida hufa. Na miti inayopukutisha majani katika nchi za baridi huguswa mizizi mwishoni mwa majira ya baridi, macho ya matawi, yaani pale majani yatakapochipua, yakiwa yamevimba lakini hayajafunguka, kwa sababu chakula kimo shinani na mizizini, na hakuna majani ya kupoteza maji.

Hicho chungu kifupi kiweke kando kwanza. Hata baada ya kupunguza mizizi, urudishe mti kwenye chombo kipana chenye udongo unaopitisha maji, ukae humo mpaka jeraha la shina lifunge. Mizizi ikibanwa mapema, jeraha hilo litachukua miaka mingi kuziba.