Mwambie bosi wako kwamba unasoma

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 31, naishi Uyole, Mbeya. Ni mtunza stoo kwenye duka la pembejeo Mwanjelwa, huu mwaka wa sita. Tunafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na saa moja ya chakula. Mwaka jana nilianza stashahada ya uhasibu, masomo ya jioni, Jumatatu hadi Alhamisi kuanzia saa 11. Kazini hakuna anayejua. Bosi akijua ataona najiandaa kuondoka. Mara nne nimemdanganya kwamba mtoto anaumwa ili niwahi darasani. Siku nyingine nafika saa 12 na nusu. Usiku nikishapika nasoma hadi saa 7, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji baridi nisisinzie. Matokeo yametoka: supu mbili, yaani mitihani ya kurudia, Takwimu na Uhasibu wa Gharama, zote vipindi vyake ni vya saa 11. Tunarudia Septemba. Mume wangu anaendesha bajaji. Hanikatazi, ila nikifungua daftari anauliza hicho cheti kitatuletea nini. Niache kazi au niache shule?

Mama Junior

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye hilo beseni. Maji ya baridi, Uyole, mwezi wa saba, saa 7 usiku! Lirudishe jikoni leo hii. Mtu akilala ndipo kichwa kinapopanga alichosoma mchana, kwa hiyo kila saa ya usingizi unayounyima mwili wako inafuta sehemu ya kazi uliyoifanya daftarini. Lala saa 4 na nusu. Ukitaka kusoma, amka saa 11 alfajiri, ujifunike blanketi kama binadamu.

Kazi usiache, na shule usiache. Mshahara huo ndio unaolipa ada, na bajaji peke yake haiwezi kuwabeba siku mbaya na siku nzuri. Ninachokuomba ni umwambie bosi wako kwamba unasoma, na umwambie wiki hii.

Angalia mwenyewe ulivyoniandikia. Masomo uliyopata supu ni yale yanayoanza saa 11, na wewe unaingia saa 12 na nusu. Umekosa saa moja na nusu ya mwanzo, jioni baada ya jioni, mwaka mzima. Sioni mahali popote panaponionyesha kwamba kichwa chako ni kizito. Naona mtu aliyekuwa kwenye barabara ya Mwanjelwa wakati mwalimu anaeleza wastani na mkengeuko. Na ulikuwa barabarani kwa sababu hukuwa na namna ya kuomba ruhusa ya kitu ambacho umekificha.

Hili la kuficha nalijua. Miaka hiyo nilikuwa karani katika ofisi moja Iringa, nasoma kwa njia ya posta. Siku ya mtihani nikamwambia mkubwa wangu kwamba mjomba wangu amefariki. Mjomba alikuwa mzima, anapalilia mahindi yake. Mtihani niliufanya vizuri. Jumatatu nilipoingia ofisini nikakuta wenzangu wamenichangia rambirambi: bahasha ya kaki, na ndani yake karatasi ya majina, kila jina na kiasi chake. Wa mwisho alikuwa mama aliyekuwa akitufagilia, shilingi 200. Niliipokea ile bahasha. Ningesema nini? Mama yule nilifanya naye kazi miaka mitatu zaidi, na kila aliponipa pole ya jambo lolote nilitazama chini. Mtihani nilifaulu, lakini ile karatasi ya majina naiona hadi leo.

Sasa tupige hesabu, maana wewe ni mtu wa uhasibu. Saa 2 hadi saa 12 ni saa 10. Toa moja ya chakula, zinabaki 9. Zidisha kwa siku sita, 54. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zinazozidi ni za ziada, zinataka makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya malipo ya kawaida ya saa. Kwa hiyo kila wiki unatoa saa 9 za ziada, na kwenye barua yako sioni ukitaja kulipwa. Ukiomba kutoka saa 10 na nusu zile siku nne za darasa, unapunguza saa 6 tu. Bado utakuwa unamfanyia kazi saa 48.

Hayo uyajue moyoni, usiingie nayo ofisini kama mdai. Mtu aliyekukabidhi funguo za stoo miaka sita anastahili kuombwa kwanza. Nenda asubuhi kabla hamjafungua. Mwambie: “Bosi, nasoma uhasibu jioni. Nilikuficha nikiogopa utaona naondoka. Zile mara nne nilizosema mtoto anaumwa, mtoto alikuwa mzima. Naomba unisamehe, na naomba tupange.” Najua hiyo sentensi ya mtoto ndiyo utakayotaka kuiruka. Usiiruke. Akishajua unasoma, atazihesabu zile siku mwenyewe, na hapo hutakuwepo kujieleza.

Halafu mpe cha kumrahisishia. Duka la pembejeo lina msimu wake na wewe unaujua kuliko mimi. Sasa hivi watu wanavuna, dukani mmekaa na mifuko ileile. Mwezi wa 11 mvua zikinukia, ndipo watu wanajipanga kwa mbolea ya ruzuku, na hadi Januari wanatafuta ya kukuzia. Umeniandikia habari ya kazi yote lakini likizo hukuigusa. Kama hujaenda mwaka huu, iombe sasa: siku 28 mfululizo ni haki yako kwa sheria hiyohiyo, ila anayepanga uende lini ni mwajiri. Omba zianze mwishoni mwa Agosti zikupitishe kwenye supu. Hakuna mwenye duka la mbolea asiyependa mtunza stoo wake apumzike Septemba kuliko Novemba. Nawe umwahidi kwamba chuo kikifunga kwa Krismasi utakuwepo hadi mfuko wa mwisho.

Je, akinuna? Atanuna kidogo, ni binadamu. Kukufukuza kwa sababu unasoma nje ya saa za kazi ni jambo jingine, maana sheria inamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu. Likitokea, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, inapokea malalamiko ndani ya siku 30 tangu ufukuzwe. Sitarajii ufike huko. Akikataa tu kukuachia saa hizo, usipotee darasani kimyakimya. Andika barua ya kuahirisha masomo, na uende kuuliza Chuo Kikuu Huria, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinachofundisha kwa masafa na kuwafaa watu walio kazini kama wewe. Kina vituo Mbeya na Iringa, na huko hutakimbizana na kipindi cha saa 11.

Mume wako. Kuuliza cheti kitaleta nini si dhambi, ada inatoka nyumba moja. Mjibu kwa namba: mtunza stoo analipwa ngapi pale kwenu, mhasibu ngapi. Kisha mpe kazi. Najua ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila siku, lakini mara mbili kwa wiki anaweza kukupitia darasani usiku ukitoka. Mtu akishakusubiri getini kwenye baridi ya Mbeya, shule inakuwa yake pia.

Na hizo supu. Uhasibu wa Gharama unaushika mkononi kila siku bila kujua. Mifuko ya mbolea ya DAP iliyoingia mwezi wa tano kwa bei moja na iliyoingia mwezi wa saba kwa bei nyingine, ukiulizwa iliyobaki stoo ina thamani gani, hilo ndilo swali la mtihani. Chukua mfano wa leja ya stoo, badilisha namba usitoe siri za duka, ukokotoe kwanza kwa njia ya iliyotangulia kuingia kutangulia kutoka, kisha kwa njia ya wastani wa bei. Fanya hivyo mara kumi. Takwimu sikufichi, inataka mtu wa kukuelekeza. Tafuta mwenzako wa darasani aliyefaulu, mkae Jumapili mchana na maswali ya mitihani iliyopita, Junior acheze hapo uani.

Lakini bosi kwanza, mwanangu. Nasubiri kusikia alivyojibu.

Shangazi