Nani Kapokonywa Nini?

Swali: Katika makala yangu ya Vita vya Kwanza vya Dunia niliandika "Wajerumani walisalimu amri". Mhariri kafuta, kaandika "walipokonywa silaha". Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa historia, Tabora)

Jibu: Wewe. Na mhariri wako mfikishie salamu, maana hilo "kupokonywa" limenikaa kooni miaka mingi.

Kusalimu amri ni kukubali kushindwa na kujitia chini ya aliyeshinda. Kitenzi ni cha Kiarabu, ndugu wa salamu, ila hapa kimebeba maana ya kukabidhi. Basi, tuendelee na ugomvi.

Kupokonya ni kumtoa mtu kitu mkononi kwa nguvu, naye hataki. Mtoto kashika andazi, kaka yake kapita, andazi halipo, kilio nyumba nzima. Huko ndiko kupokonya. Sasa niambie, Novemba 25, 1918, pale Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, nani alilia? Ulaya vita vilikwisha tangu tarehe 11. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alipata habari akiwa Mto Chambeshi, akakiongoza kikosi chake kwa miguu hadi mbele ya Jenerali Edwards wa Waingereza. Zikawekwa chini bunduki 1,071 na rashasha 37. Mtu aliyetembea siku kadhaa kwenda kuitoa bunduki yake, kapokonywa nini?

Ukitaka kupokonya kwenyewe, rudi nyuma mwaka mmoja kamili, Novemba 25, 1917, hapo Ngomano kando ya Mto Ruvuma. Wareno walipigwa na Lettow-Vorbeck huyo huyo, bunduki na risasi zao zikachukuliwa. Na zile bunduki za Mbala? Za Kireno na Kiingereza! Yaani kaka mla maandazi ndiye aliyeyarudisha mwenyewe, tena kwa mstari.

Wewe nawe usidhani umepona. "Wajerumani" gani? Wazungu walikuwa 155, na waliachiwa silaha zao binafsi. Askari walikuwa 1,168, Waafrika, na ndio walioziacha bunduki chini, kisha wakapelekwa kambini huko huko kwenu Tabora. Andika: "Jeshi la Wajerumani lilisalimu amri, askari wakasalimisha silaha." "Walijisalimisha" nalo nalivumilia, ingawa siku hizi linatumika hadi kwa mdaiwa wa kodi ya nyumba.

Mhariri akikataa tena, mpokonye kalamu. Hapo neno litakuwa mahali pake.