Kaseti za Super Famicom kwenye Super Nintendo ya Ulaya

Ndugu, umeuliza kama kaseti za Super Famicom (jina la Kijapani la mashine ya gemu ya Super Nintendo) kutoka Japani zitacheza kwenye Super Nintendo yako ya Ulaya. Kuingia zitaingia, maana umbo ni lilelile, lakini gemu haitawaka: chipu ya ulinzi ya Ulaya haikubaliani na ya Japani. Super Nintendo ya Marekani ina chipu inayokubali, ila ndani ina vijino viwili vya plastiki vinavyozuia kaseti.

Mimi ningekushauri ununue mashine ya Kijapani yenyewe. Hapo tafadhali sana, uwe makini na umeme! Adapta yake ni ya volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 utaiunguza. Tafuta transfoma ya kushusha umeme.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha ya pini za kaseti, na umuulize kama bado inahifadhi mchezo. Nyingi hutegemea betri ndogo iliyolehemiwa ndani, na betri hizo zimezeeka. Inabadilishwa kwa fundi.

Kama husomi Kijapani, anza na gemu za mapigano au mbio za magari. Zile za hadithi ndefu zina maandishi mengi, utakwama mapema.