Kondoo wa udhiya amekutwa na malengelenge ya maji kwenye ini

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mfugaji wa Longido. Nilidunduliza mwaka mzima nikanunua kondoo wa Idi, mnono, hana kilema. Tulipompasua, ini na mapafu vilijaa malengelenge ya maji. Jirani anasema udhiya yangu imebatilika. Mwingine anasema Bismillah imeshasomwa, tule tu. Tukawarushia mbwa. Wiki ya pili sasa sina raha.

JIBU: Waalaykum salaam. Pole sana ndugu yangu. Udhiya yako imeswihi, inshaallah, usinunue mwingine. Katika hadithi ya Al-Baraa bin Aazib, Mtume (s.a.w.) alikataza kuchinja mnyama mgonjwa ambaye ugonjwa wake uko dhahiri. Ugonjwa uliojificha ndani ya ini hukukalifishwa kuujua.

Kinachoniuma ni kauli ya huyo wa pili, maana hata wachinjaji wanaisema. Mwenyezi Mungu ametuambia tule kilicho halali na kizuri, yote mawili. Kuchinja kisheria kumempa kondoo uhalali. Ini lililooza kwa malengelenge halikuwa zuri kwa kutajiwa jina la Allah. Na yule anayekata lengelenge kwa ncha ya kisu, akapangusa maji, akauza kipande kilichobaki? Mtume alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikatoka na unyevu uliofichwa chini, akasema mwenye kughushi si katika yeye. Watasema: "Wazee wetu walikula, hawakudhurika." Ni kweli, binadamu hapati ugonjwa huu wa malengelenge kwa kula lile ini. Anaupata kwa mbwa aliyelila, na hapo ndipo hoja yao inapowaangukia.

Na wewe ulikosea hapo, bila kujua. Ndani ya maji yale mna vichwa vidogo vya tegu. Mbwa akivila, vinakuwa minyoo tumboni mwake, na mayai yanatoka na kinyesi, yanaenea kwenye majani, maji ya kunywa, manyoya yake. Kondoo anayala. Mtoto anamkumbatia mbwa, anakula ugali bila kunawa, naye ameyameza. Lengelenge linakua ndani yake miaka mingi bila maumivu, na huenda ikabidi apasuliwe. Ndugu zetu wa Turkana, Kenya, wameteseka mno kwa ugonjwa huu.

Mbwa msiwaue; mbwa wa mifugo ameruhusiwa na Mtume. Tegu huanza kutoa mayai baada ya wiki kama sita, kwa hiyo bado una nafasi: nenda leo kwa afisa mifugo, mbwa wapewe prazikwanteli, dawa ya tegu, na iwe desturi yao. Kinyesi chao kichomeni. Siku nyingine ini kama hilo lizikeni shimo refu wasilolifukua, au lichemsheni nusu saa nzima kabla ya kulitupa.

Na kama kuna mtu hapo bomani amevimba chini ya mbavu za kulia, msimkande tumbo wala kumchanja chale. Lengelenge likipasuka ndani linaweza kumuua. Mpelekeni hospitali apigwe picha ya tumbo.