Kipima Kina cha Mashua ya Trela: Anza na Transdyusa, Kioo Baadaye

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Syokimau aliniandikia hivi: "Habari kaka. Nimepata mashua ya tanga, futi 18, iko na trela yake. Nataka niwe naipeleka Naivasha, halafu Desemba niishushe Kilifi. Nimekutumia picha tatu za vipima kina, nichukue gani?"

Nimezitazama hizo picha. Ya kwanza ina kioo cha inchi 5, ya pili inchi 7, ya tatu inchi 9. Hakuna hata moja inayoonyesha transdyusa, yaani kile kipande kinachopiga mlio majini na kuusikiliza ukirudi kutoka chini. Hapa Nairobi ndivyo tunavyouziwa. Mnunuzi anatoka dukani akijua kioo kina rangi ngapi, lakini hajui kifaa chenyewe kitakaa wapi kwenye mashua yake. Kwa hiyo jibu langu kwake, na kwa yeyote mwenye mashua ndogo ya tanga juu ya trela, ni hili: amua kwanza transdyusa ni ya aina gani na itakaa wapi. Kioo kije baadaye.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Nilipoanza kuivuta mashua yangu kwenda Naivasha, niliingia duka moja katikati ya jiji nikamweleza muuzaji kila kitu. Ni mashua ya tanga, inalala juu ya trela, ina mkuku wa kuinuliwa, ule uti wa chini unaoingia majini, injini yake ni ndogo na inaning'inia shetri, yaani nyuma. Alinisikiliza hadi mwisho huku akitikisa kichwa kukubali, kisha akashusha boksi lenye picha ya samaki mkubwa.

"Bosi, hii ndiyo wanatumia wale wavuvi wakubwa wa Watamu. Inasoma hadi mita 300."

Nikamwambia Naivasha haifiki huko hata kidogo.

"Sasa si hiyo ndiyo bora zaidi, bosi? Hutawahi kuishiwa."

Nikalipa. Transdyusa iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa ile ya kufungwa kwa skrubu nyuma kabisa, iliyotengenezewa boti za injini zinazokwenda zikiwa zimelala sawa. Mashua ya tanga hailali sawa. Upepo wa alasiri ulipoiinamisha, transdyusa ilitoka majini na kioo kikabaki na vistari vitupu. Nilipowasha injini, mapovu ya panga yalipita chini yake na namba zikaanza kuruka kutoka mita 2 hadi 11 hadi sifuri. Nilirudi dukani na boksi, risiti na kila kipande. Nikaambiwa bidhaa iliyotumika hairudishwi, na yule yule aliyekuwa akitikisa kichwa akasema mbele ya wateja wengine kwamba mimi sikueleza nilichokuwa nataka. Hela niliikubali kwamba imekwenda. Lile la kuambiwa sikueleza bado linaniuma, na ndilo lililonifanya nijifunze mambo haya hadi mwisho ili asiwepo mtu wa kunidanganya tena.

Na tusijidanganye kuhusu maji tunayokwenda. Nairobi tulikuwa na maji yetu hapa hapa, lile bwawa la Nairobi Dam kati ya Kibera na Lang'ata, lililojengwa miaka ya 1950. Watu waliendesha mashua za tanga pale. Leo limejaa magugu, tope na taka, na kila nikipita barabara ile moyo unanisononeka. Kwa hiyo tunavuta trela karibu kilomita 90 hadi Naivasha, ziwa ambalo sehemu yake kubwa ni mita chache tu, na kina kirefu kimejificha ndani ya kasoko ya Crescent Island. Tangu mwaka 2010 maji yamekuwa yakipanda, na mwaka 2020 yakaingia hadi kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto. Maana yake ni kwamba ukikaribia ukingo unapita juu ya mahali palipokuwa shamba jana. Kuna nguzo za ua, kuna seng'enge, kuna vigogo vya migunga iliyokufa ikiwa imesimama.

Hapo ndipo uelewe kifaa hiki kinaweza nini na hakiwezi nini. Transdyusa ya kilohezi 200, ambayo ndiyo inayofaa maji mafupi kama yetu, hutoa mlio kwa umbo la pia lenye upana wa nyuzi 20 hivi. Kwenye maji ya mita 3 inaona duara la chini lenye upana wa mita 1 tu, tena lililo moja kwa moja chini ya mashua. Nguzo iliyo mbele yako haioni. Alexander Behm, Mjerumani aliyepata hataza ya kupima kina kwa mwangwi mwaka 1913, alianza kwa kutafuta namna ya kugundua barafu iliyo mbele ya meli, baada ya Titanic kuzama mwaka 1912. Alichofanikiwa kupata ni kupima chini. Vipo vifaa vya kisasa vinavyotazama mbele, lakini bei yake ni ya meli, si ya mashua ya futi 18. Kwa nguzo za Naivasha tumia macho, punguza mwendo, na muulize mvuvi wa ufuo wa Kamere pale ziwani mahali ua wa zamani ulipopita.

Sasa mahali pa kuiweka. Ya kutoboa sakafu ya mashua ikatokeza nje, sahau. Kila ukiipandisha mashua, roli na mbao za trela zitaigonga, na kwa barabara ya Mai Mahiu ilivyo, utafika na kipande kilichovunjika na tundu linalovuja. Ya nyuma nimeshaieleza. Inayobaki ndiyo ninayoipenda na ndiyo iliyo kwenye mashua yangu hadi leo: transdyusa ya kubandikwa ndani, inayopiga mlio kupitia sakafu yenyewe. Hakuna tundu, hakuna kitu cha kugongwa, na mashua ikiinama bado inasikia.

Sharti lake ni moja: sakafu iwe faiba tupu mahali hapo. Mashua nyingi zina faiba mbili zenye sponji au mbao laini katikati, na mlio haupiti humo. Usiamini maneno ya aliyekuuzia. Pima. Mimi nilijaza maji kwenye mfuko wa plastiki, nikatumbukiza transdyusa ndani yake, nikaukandamiza mfuko kwenye sakafu mbele ya mkuku huku mashua ikiwa inaelea, na mwenzangu akisoma kioo. Mahali pa kwanza namba ilitulia mita 4.1. Nikasogeza kiganja kimoja kuelekea ubavuni, ikapotea kabisa. Kiganja kimoja tu. Tukaishika transdyusa kwa mkono nje ya mashua kulinganisha, ikatoa 4.1 vile vile. Nikachora duara kwa kalamu ya wino mzito, na hapo ndipo ilipobandikwa.

Kubandika ni kazi ya kutulia. Fundi wa faiba wa Industrial Area niliyemwita alitaka kupaka gundi juu ya rangi, nikakataa. Tulipiga msasa hadi faiba yenyewe ikaonekana, tukapangusa vumbi kwa spiriti, tukaacha pakauke. Epoksi, yaani gundi yenyewe, ikorogwe polepole, maana ukiikoroga kwa haraka unaingiza mapovu, na povu moja dogo chini ya transdyusa linazuia mlio kama ukuta. Unaweka gundi nyingi katikati, unaishusha transdyusa kwa kuizungusha kidogo kidogo ili hewa itoke pembeni, kisha unaacha usiku kucha bila kuigusa. Yule fundi alinitazama nikikoroga kile kikopo kwa kijiti, akasema, "Mzee, wewe una subira." Sasa wenzangu kadhaa tunaokutana Naivasha wamefanya hivyo hivyo, na kuna mmoja aliyekuwa akinicheka kwamba mashua ndogo haihitaji vitu hivi. Siku hizi yeye ndiye anayewaelekeza wengine.

Ibandike karibu na mstari wa katikati kadiri sanduku la mkuku litakavyoruhusu. Ukiiweka ubavuni, mashua ikiinama upande wa pili itapanda na sakafu. Kuinama kwenyewe kusikutishe: kwa nyuzi 20 kwenye maji ya mita 5, mlio ukienda kwa mshazari kosa lake halizidi sentimita 30 hivi. Wenye kukwambia kipima kina hakifai mashua ya tanga kwa sababu inainama hawajapiga hesabu.

Umeme wenyewe hauna siri. Chukua betri ya volti 12, ampea-saa 7, zile zinazofungwa kwenye ua wa umeme na ving'ora, unazipata Luthuli bila shida. Usiitumie zaidi ya nusu. Kioo kidogo kinachokula robo ampea kitakupa saa 14. Kioo cha inchi 9 kinachokula ampea moja kitakupa saa tatu na nusu, yaani utakuwa huna kitu jioni, saa unayokihitaji zaidi. Weka fyuzi. Basi.

Vipima kina vya mpira mdogo unaoelea na kutuma namba kwenye simu ni vizuri kwa mvuvi aliyekaa ukingoni. Ukiukokota nyuma ya mashua Naivasha, gugu maji litaunasa, na kioo cha simu kwenye jua la mchana hakisomeki. Vile vya mkononi vinavyofanana na tochi ni akiba nzuri, hasa kama mashua yako ina sponji kila mahali.

Kwa hiyo katika zile picha tatu, ndugu yangu wa Syokimau, chukua ile ndogo kabisa, mradi muuzaji akuonyeshe kwa macho yako transdyusa ya kubandika ndani inayooana nayo. Asipoweza kukuonyesha, ondoka. Usione haya kuondoka. Sisi watu wa Nairobi tunaona haya kutoka dukani mikono mitupu baada ya mtu kutufungulia boksi, na tunaona haya kufika ziwani na kioo kidogo kuliko cha jirani. Nawasihi muache. Familia unayoipakia kwenye ile mashua haitaokolewa na inchi. Itaokolewa na namba ya kweli unayoielewa, na jaketi la kuokoa maisha lililofungwa kifuani, si lile lililofunikwa chini ya kiti. Nimeona watoto wakipandishwa mashua bila jaketi na baba yao akiwa ameshika kifaa cha maelfu ya shilingi. Hilo halifai, na nitaendelea kulisema hata kama kuna wanaochoka kulisikia.

Kuhusu mipangilio, kwa mkuku wa kuinuliwa nakushauri usikiambie kifaa kionyeshe kina chini ya mkuku, kwa sababu mkuku haukai mahali pamoja. Kiambie kionyeshe kina kuanzia usoni mwa maji. Kama transdyusa iko sentimita 20 chini ya uso wa maji, ongeza 0.2 na uishie hapo. Kisha shika namba zako mbili kichwani, yaani kina ambacho mashua inahitaji ili isiguse chini. Yangu ni mita 1.3 mkuku ukiwa chini na 0.4 ukiwa juu. Alamu yangu inalia kwenye mita 2, na ikilia mkono unakwenda kwenye kamba ya mkuku kabla mdomo haujauliza kitu. Kwenye tope la Naivasha namba wakati mwingine hutetemeka, na magugu yaliyozama yanaweza kusomeka kama ndiyo chini. Kioo chenye mchoro husaidia hapo: chini pagumu huonyesha mstari mnene unaong'aa, tope huonyesha mstari hafifu.

Kilifi ni habari nyingine. Chini kuna mwamba wa matumbawe, na mkuku ukigonga mwamba hauinuki kwa upole kama kwenye tope. Halafu kuna kupwa na kujaa. Maji ya bamvua, yale ya kujaa na kupwa sana, upande wa Mombasa na Kilifi hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mahali ulipopita maji yakiwa yamejaa ukasoma mita 4, baada ya saa sita hivi panaweza kuwa chini ya mita 1. Namba ya kifaa ni ya wakati ule ule tu. Soma jedwali la maji kabla ya kutoka, na uwaulize manahodha wa pale mafungu, yaani sehemu za maji mafupi, yako wapi, kwa adabu, maana wamekutangulia.

Na mwisho, fungasha bildi, yaani uzito wa kamba wa kupimia kina. Kipande cha risasi au chuma cha kilo moja na nusu hivi, kamba isiyovutika, alama ya rangi kila nusu mita. Kila ninaposhusha mashua majini, kabla ya kupandisha tanga, naidondosha kando ya mashua mara mbili, omo, yaani mbele, na katikati, nalinganisha na kioo. Tofauti ikizidi shubiri moja, nafungua ubao wa sakafu na kuichunguza gundi, kwa sababu mtikisiko wa barabara unaweza kuibandua upande mmoja. Funika pia ncha za waya kwa mfuko na mpira kabla hujatoka nyumbani. Vumbi likiingia kwenye zile sindano ndogo, hata transdyusa nzuri itasoma upuuzi.