Jibu: Shule ya sekondari ya umma ya kwanza Marekani ilianzaje?

Ndugu, umeuliza ilianzishwa kwa ajili ya nani na ilifundisha nini. Ni English High School ya Boston, iliyofunguliwa 1821. Mji ule tayari ulikuwa na shule ya Boston Latin tangu 1635, lakini pale kazi kubwa ilikuwa Kilatini na Kigiriki, kuwaandaa vijana kwenda chuo. Mtoto wa fundi au mfanyabiashara aliyetaka kuingia kazini moja kwa moja hakuwa na pa kwenda. Ndiyo maana shule mpya ikaacha lugha hizo za kale, ikaweka hesabu, jiografia, historia, upimaji wa ardhi, hata uongozaji wa meli baharini. Boston ni mji wa bandari, kwa hiyo somo hilo lilikuwa mkate wa mtu.

Linaloniuma ni wasichana. Shule yao pale Boston ilifunguliwa 1826, waombaji wakafurika kupita nafasi, na badala ya kuipanua, mji ukaifunga 1828! English High yenyewe ilianza kupokea wasichana mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Ukitaka kufuatilia zaidi, anzia sheria ya 1827 ya Massachusetts, jimbo lenye mji wa Boston. Iliitaka miji yenye familia 500 na zaidi iwe na sekondari.